Habari za James Chuma, Aliyesomeshwa Bombay

Sisi tukaao Olbalbal, katika bonde lipokealo maji ya Olduvai wakati wa mvua, twajua kwamba kumpeleka mtoto shule ya bweni ni kumtoa machoni pa mama yake. Mama huhesabu miezi mpaka likizo. Chuma hakuwa na wa kumhesabia miezi, kwa maana alipopelekwa shule ng'ambo ya bahari alikuwa amekwisha kutengwa na jamaa zake kwa kuuzwa. Twaziandika habari zake katika kitabu hiki cha jubilei kwa sababu safari yake kubwa iliishia Bagamoyo, katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao wenzao walikuja baadaye kuhubiri Injili huku kwetu Umasaini, Loliondo na Endulen.

Chuma alikuwa Myao, naye alizaliwa yapata mwaka 1850 upande wa Ziwa Nyasa. Angali mtoto, alitiwa utumwani. Mwaka 1861 alikombolewa na Daktari David Livingstone pamoja na wamisionari wa Askofu Mackenzie, akakaa nao Magomero. Njaa na homa zikaipiga misheni ile. Askofu mwenyewe akafa Januari 1862, na baada ya muda waliosalia wakaondoka. Ndipo Livingstone alipomchukua Chuma na kijana mwenzake, Wikatani, katika merikebu yake ndogo, Lady Nyassa. Walitoka Unguja mwisho wa Aprili 1864, wakavuka bahari siku 45, wakafika Bombay, mji uitwao leo Mumbai.

Huko palikuwa na shule ya Daktari John Wilson, mmisionari wa Uskoti, iliyoanzishwa mwaka 1832. Shule ile ilikuwa imekwisha kupita katika moto. Mwaka 1839 vijana wa Kiparsi walipobatizwa, mji ulichafuka, na wazazi wengi wakawaondoa watoto wao. Wilson hakuifunga. Aliendelea kuwafundisha waliobaki, na wengine wakarudi kidogo kidogo. Wala Chuma na Wikatani hawakuwa Waafrika wa kwanza mlangoni pake, maana vijana wawili wa Uhabeshi walikwisha kusoma kwake zamani.

Chuma alikaa huko mwaka mmoja na nusu tu, akajifunza kusoma na Kiingereza. Walimu watakubali kwamba muda huo ni mchache. Katika shule zetu mtoto wa miezi hiyo bado huhesabiwa kuwa mgeni. Desemba 1865 Wilson akawabatiza wote wawili, na Chuma akaitwa James. Mwezi uliofuata wakapanda merikebu pamoja na Livingstone kurudi Afrika. Walifuatana na vijana tisa wa shule nyingine ya watumwa waliokombolewa, iliyokuwako karibu na mji wa Nasik.

Njiani Wikatani alibaki karibu na Ziwa Nyasa, akisema amepata habari za ndugu zake. Chuma akaendelea. Wala tusimfanye malaika: mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, watu wengi walichoka wakakataa kumfuata, na Chuma alikuwa miongoni mwao. Baadaye bwana wake alimpokea tena, naye hakumwacha mpaka kufa.

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Chuma na mwenzake Susi wakaongoza shauri lililowashangaza watu wa ulimwengu. Walizika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana wa shule ya Nasik, akasoma sala za maziko. Kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika kitambaa na gome la mti, wakaanza safari ya kwenda pwani. Karibu na Tabora walimkuta Cameron, ofisa Mwingereza, akawashauri wamzike pale. Hawakukubali. Mbele kidogo wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Basi wakatengeneza mzigo wa vijiti wenye umbo la maiti, wakaurudisha hadharani kana kwamba unakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Hapo liko jambo ambalo mpaka leo lauma moyo. Waliobeba mwili miezi mingi walilipwa ujira wao wakaagwa. Wainwright, aliyejua Kiingereza zaidi, ndiye aliyepelekwa Uingereza na jeneza, akawa miongoni mwa walioshika kitambaa chake Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika baada ya maziko, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, James Young. Hata hivyo safari yao haikuwa bure: walikaa na Padre Horace Waller, wakamweleza mambo yasiyoandikwa katika daftari za Livingstone, naye akazitengeneza kuwa kitabu kilichochapwa mwaka huo huo. Elimu ile chache ya Bombay ikapata kazi yake mezani.

Aliporudi, Chuma aliongoza misafara ya Askofu Steere, mwaka 1875 mpaka kwa Mataka, na mwaka 1876 alipopeleka watu waliokombolewa kukaa Masasi. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wapagazi wa Keith Johnston. Johnston akafa Behobeho, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 asiyeijua nchi. Chuma ndiye aliyeshika nidhamu ya msafara, akazungumza na wakuu, wakafika maziwa na kurudi pwani na watu karibu wote wakiwa hai.

Kifua kikuu kilimshika angali kijana. Alikufa Unguja mwaka 1882, akiuguzwa na misheni. Shule ya Wilson huko Bombay haikufa. Yafundisha hata leo kwa jina la mwanzilishi wake.