Hans Peter Luhn: Mtu wa viwanda vya nguo aliyeacha hesabu yake kwenye simu yako

Piga *#06# kwenye simu yako. Itatokea IMEI yenye tarakimu 15. Ile ya mwisho haikuwekwa tu: kazi yake ni kukagua 14 za mbele, na hesabu yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn.

Luhn alizaliwa mwaka 1896 mjini Barmen, Ujerumani. Hakuanzia kwenye kompyuta kabisa. Alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, akahamia Marekani, akabuni Lunometer, kifaa cha kuhesabu nyuzi za kitambaa. IBM ilimwajiri mwaka 1941, akiwa ameshavuka miaka 40.

Januari 1953 aliandika waraka wa ndani wa IBM. Shida ilikuwa hii: mashine ipateje rekodi moja bila kupekua zote? Jibu lake: ifanyie hesabu namba ya rekodi, halafu jibu likuelekeze moja kwa moja kwenye fungu ilipo. Wazo hilo leo linaitwa heshi.

Mwaka uliofuata aliombea hataza hesabu yake ya kukagua namba, akaipata mwaka 1960. Kadi za benki zinaitumia mpaka leo. Ukikosea tarakimu moja tu, hesabu inagoma.

Ila hapa wengi hujichanganya. Hesabu ya Luhn inakamata makosa, haikamati wezi. Mtu yeyote anaweza kutunga namba inayokubalika. Yaani IMEI kupita ukaguzi huo si ushahidi kwamba simu ni orijino.

Kwa usalama zilikuja heshi ngumu zaidi, kama SHA-256 ya mwaka 2001. Kwenye lugha ya Ruby ni mistari miwili tu:

require "digest"
puts Digest::SHA256.hexdigest("habari")

Utapata herufi na tarakimu 64, hata ukiweka kitabu kizima. Badilisha herufi moja, jibu linabadilika lote. Na kutoka kwenye jibu huwezi kurudi nyuma ukapata maandishi. Ndiyo maana hutumika kujua kama faili limechezewa.

Luhn alifariki mwaka 1964, akiwa na hataza zaidi ya 80. Hakuiona simu ya mkononi. Lakini siku ukikosea namba ya kadi na tovuti ikakukatalia hata kabla ya kuuliza benki, jua hiyo ni kazi yake.