Mwalimu Friedrich Fröbel

Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, alizaliwa Oberweissbach, Ujerumani, mwaka 1782. Mwaka 1805 alifika Frankfurt akikusudia kusomea usanifu wa majengo. Mkuu wa shule, Anton Gruner, akamshawishi afundishe, ingawa hakuwa amesomea ualimu. Mwaka 1808 aliwachukua wavulana watatu aliokuwa akiwafundisha, akaenda nao Yverdon, Uswisi, kwa Pestalozzi. Hapo alikaa miaka miwili, mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Alimstahi mlezi wake, lakini aliona masomo yale hayakushikamana vya kutosha. Mwaka 1840 akaiita shule yake ya watoto Kindergarten, yaani bustani ya watoto, chimbuko la chekechea. Mwaka 1851 Prussia ilizipiga marufuku, mwana huyo wa mchungaji akishutumiwa kueneza ukanaji Mungu. Alifariki mwaka 1852. Marufuku iliondolewa mwaka 1860.