Kondomu imepasuka? Soma habari za Philly Lutaaya, kisha nenda kituoni

Kondomu imepasuka, na sasa hofu ya VVU inakunyima usingizi. Uko Mgeta, watu wanafahamiana, na unaona haya hata kuonekana kwenye kituo cha afya. Kabla hujaamua kunyamaza, soma habari za mtu aliyeijua hofu hiyo.

Philly Bongoley Lutaaya alizaliwa Uganda mwaka 1951. Mwaka 1968 aliacha shule akafuata muziki. Miaka ya 1980 alihamia Sweden, na huko Stockholm akarekodi albamu ya Born in Africa iliyompa jina kubwa nyumbani. Hadi leo nyimbo zake za Krismasi hupigwa Uganda kila Desemba.

Aprili 1989 alitangaza hadharani kuwa ana VVU. Kabla yake hakuna Mganda maarufu aliyekuwa amethubutu. Wengi hawakumwamini. Alionekana mzima, hivyo wengine walisema amelipwa ili aseme vile. Hakurudi nyuma. Alizunguka shuleni na makanisani akiwaeleza vijana jinsi ya kujikinga, na akatunga wimbo kuhusu upweke na woga wa mgonjwa. Mwili ulidhoofika haraka. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38.

Wakati wake, dawa iliyokuwapo haikuweza kuvizuia virusi kwa muda mrefu, na haikufika kwa watu wengi. Hakukuwa na huduma ya kumkinga mtu ambaye kondomu imempasukia jana usiku. Wewe unayo. Inaitwa PEP.

PEP ni nini? Ni dawa za ARV zinazomezwa kila siku kwa siku 28 ili virusi visijijenge mwilini. Lazima uanze ndani ya saa 72 tangu tukio. Saa 2 ni bora kuliko saa 20, na saa 20 ni bora kuliko saa 70.

Nifanye nini sasa? Nawa nje kwa maji. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa, kwa sababu unaweza kujichubua. Kisha nenda kituo cha afya, useme wazi kuwa kondomu imepasuka na unahitaji PEP. Wakikosa dawa, uliza kliniki ya CTC iliyo karibu. Ikibidi, panda gari la asubuhi uteremke Morogoro mjini. Usingoje siku ya gulio.

Je, nipime kwanza? Utapimwa kituoni. Kipimo cha leo kinaonyesha hali yako ya kabla ya tukio tu. Hakiwezi kuonyesha maambukizi ya jana. Utarudia kupima kwa tarehe utakazopewa, mara nyingi hadi baada ya miezi 3.

Mwenzangu anaonekana mzima. Hata Lutaaya alionekana mzima. Muulize, na kama inawezekana mwende pamoja. Ikiwa anatumia ARV vizuri na kipimo kinaonyesha virusi vyake havigunduliki, hawezi kukuambukiza kwa ngono.

Na mimba? Kama mnaihofia, ulizia vidonge vya dharura siku hiyohiyo. Hutumika ndani ya siku 5, na mapema ni bora zaidi.

Saa 72 zimepita? Nenda hata hivyo. Kondomu kupasuka mara moja hakumaanishi kwamba umeambukizwa. Na ikiwa umeambukizwa, ARV zikianza mapema unaweza kuishi miaka mingi, kufanya kazi na kulea watoto.

Lutaaya alisema ukweli wakati muda wake mwenyewe ulikuwa umekwisha, ili wengine wapone. Wewe bado una saa mkononi. Huna haja ya kuwatangazia watu wote. Mwambie mhudumu mmoja, na umwambie leo.