Kombe Lililotolewa Mvuani

Mchezo wa gofu hauna mafumbo makubwa. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka autumbukize shimoni. Kiwanja kamili kina mashimo 18, nacho katika mashindano makubwa huzungukwa mara 4. Mwisho wa yote huhesabiwa mapigo, na aliyepiga mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kelele za mashabiki haziongezi kitu, wala cheo cha baba hakipunguzi pigo hata moja. Ni hesabu tu, na hesabu haina rangi. Leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye kosa lake lote lilikuwa kwamba hesabu ilimpa haki, katika nchi ambayo sheria ilikwisha kukata shauri kuwa haki hiyo si yake. Mtu huyo ni Sewsunker Sewgolum wa Afrika ya Kusini, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Papwa.

Papwa alizaliwa Durban, katika jimbo la Natal, mnamo miaka ya mwisho ya 1920. Alitoka katika jamii ya Wahindi ambao wazee wao walianza kuletwa Natal mwaka 1860, kwa mikataba ya kazi ngumu, ili wakate miwa katika mashamba ya walowezi wa Kiingereza. Nyumba aliyokulia ilikuwa ya kimaskini. Shule hakuipata, na kusoma na kuandika hakujua. Lakini karibu na kwao palikuwa na kiwanja cha gofu cha Beachwood, mahali pa wazungu kustarehe, na huko mtoto wa Kihindi aliruhusiwa kuingia kwa sababu moja tu, nayo ni kuwachukulia wakubwa mikoba ya fimbo zao.

Hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Alitazama jinsi wenye mali wanavyosimama, wanavyopima umbali na wanavyopiga; kisha akajifunza peke yake, pasipo mwalimu wa kumsahihisha. Ndiyo maana alishika fimbo kinyume cha desturi. Mchezaji atumiaye mkono wa kulia aghalabu huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini yake. Papwa aliubadili mpango huo, akauweka wa kushoto chini ya wa kulia. Wajuzi walistaajabu kwamba mtu ashikaye fimbo namna ile aweza hata kuugusa mpira. Lakini mpira wake ulikwenda alikoutaka uende.

Akatokea mzungu mmoja wa Durban, Graham Wulff, mkemia aliyebuni mafuta ya uso yaitwayo Oil of Olay, akamwona, akatambua kipaji chake na kumwajiri. Mwaka 1959 ndiye aliyempeleka Ulaya. Huko Papwa akashinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi, mbele ya wachezaji waliofundishwa tangu utotoni katika viwanja vya fahari. Kwa wale waliotaka kusema kwamba ilikuwa bahati, akarudi mwaka 1960 akashinda tena, na mwaka 1964 akashinda mara ya tatu. Alicheza pia katika Mashindano ya Wazi ya Uingereza, ambayo ni kilele cha mchezo huo. Ikawa mchukuzi wa mikoba ya Beachwood ni bingwa mbele ya ulimwengu, ilhali kwao haruhusiwi kunywa maji katika jumba la klabu.

Yafaa kueleza hali ya nchi yake ilivyokuwa. Tangu mwaka 1948 chama cha National Party, chama cha Makaburu, kilikuwa kimeshika serikali. Mwaka 1950 kilipitisha sheria ya kugawa maeneo ya kuishi kwa rangi, na mwaka 1953 sheria ya kutenga huduma za umma, kuanzia mabenchi hadi fukwe za bahari. Michezo nayo ilitengwa vivyo hivyo. Hata hivyo mwaka 1963 Papwa alikubaliwa kushindana katika Mashindano ya Wazi ya Natal, katika uwanja wa Durban Country Club, akiwa mtu mweusi kwa mizani ya sheria ile miongoni mwa wazungu. Akashinda.

Hapo ndipo serikali ile ilipojiaibisha yenyewe. Siku ya kutoa kombe mvua ilinyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jumba la klabu, mahali pakavu. Mshindi hakuweza kuingia, maana sheria haikumruhusu. Wahindi walioweza kupita mlango ule walikuwa watumishi waliobeba vinywaji. Basi Mhindi mwenye sinia ana njia, lakini Mhindi mwenye kombe hana. Papwa alikabidhiwa kombe lake nje, huku akilowa. Picha ya tukio hilo ikaenea duniani, na watu ambao hawakuwahi kusoma hata kifungu kimoja cha sheria za Makaburu wakaielewa siasa yao kwa kuitazama picha hiyo tu.

Mwaka 1965 Papwa aliyashinda mashindano hayo ya Natal mara ya pili, na miongoni mwa aliowashinda alikuwamo Gary Player, mzungu wa nchi hiyo hiyo, mmoja wa wachezaji wakuu kabisa wa gofu duniani. Haikuchukua muda mrefu Papwa akapigwa marufuku kushiriki katika mashindano ya nchini mwake, kisha akanyang'anywa pasi ya kusafiria, asiweze kucheza ng'ambo pia.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hilo. Ikiwa kweli watu wa rangi moja wamezaliwa bora kuliko wengine, kama walivyohubiri Makaburu, wangekuwa na hofu gani ya kushindana na mtu mmoja asiye na elimu, ashikaye fimbo kinyume? Wangemwacha ashindwe, na kushindwa kwake kungekuwa ushahidi wao. Walimtoa uwanjani kwa sababu walijua kuwa hatashindwa. Ubaguzi hauanzi kwa imani ya ubora. Huanzia katika hofu ya mizani iliyo sawa. Dhuluma yaweza kubishana na hotuba, na yaweza kumtia gerezani mwenye hotuba. Lakini haina jawabu kwa hesabu ya mapigo, isipokuwa kumzuia mtu asihesabiwe.

Sisi wa Tanzania tuliyaelewa hayo mapema. Mwaka huo huo wa 1963 Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilifanya makao yake Dar es Salaam. Na mwaka 1976 Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia katika Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo, baada ya kuruhusiwa New Zealand iliyokuwa imepeleka timu ya raga kucheza na Makaburu. Kususia kule kuliwagharimu vijana wetu, nao walilipa gharama hiyo kwa ajili ya watu kama Papwa.

Papwa mwenyewe hakuiona siku ya malipo. Alifariki Durban mwaka 1978, fukara, kabla ya kutimiza miaka 50. Ubaguzi wa kisheria ulizikwa mwaka 1994, na leo kiwanja cha gofu cha umma mjini Durban kinaitwa kwa jina lake. Ni heshima njema, lakini kiwanja hakimrudishii mtu miaka yake.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunaongeza kwamba haki hiyo apewe angali hai. Hapa kwetu, Dar es Salaam, Moshi na Arusha, vipo viwanja vya gofu vilivyoanzishwa na wakoloni, na wapo vijana wanaochukua mikoba ya wachezaji. Hakuna sheria inayowazuia. Lakini bei ya fimbo na ada ya klabu zaweza kuwa mlango uliofungwa kama ule wa Durban. Wanaosimamia michezo yetu wawatazame vijana hao vizuri. Huenda mmoja wao anashika fimbo kinyume.