Kildall: Mtaalamu aliyetenganisha mashine na programu

KILA tarakilishi inapowashwa, kuna programu fupi iliyofichwa ndani ya chipu ambayo huamka kwanza. Hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hukabidhi usukani kwa mfumo endeshi. Wengi bado huiita BIOS. Ni wachache wanaomkumbuka aliyebuni jina hilo, Mmarekani Gary Kildall.

Kildall alizaliwa Seattle mnamo Mei 19, 1942, katika familia iliyoendesha shule ya ubaharia. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka wa 1972, na akafunza katika chuo cha wanamaji huko Monterey, California.

Mnamo 1974 aliunda CP/M, mfumo endeshi wa tarakilishi ndogo. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Digital Research.

Hata hivyo, kila kiwanda kiliunda mashine kwa namna yake, na kila mashine mpya ilimlazimu Kildall kurekebisha mfumo wake. Alipochoshwa na kazi hiyo, aliugawa. Yote yaliyohusu umbo la mashine aliyakusanya katika BIOS. Sehemu iliyosalia ikawa moja kwa mashine zote.

Tangu hapo, mwenye kiwanda alirekebisha BIOS pekee. Naye mwandishi wa programu ya kuchapa barua au kupiga hesabu hakuwa tena na haja ya kujua diski imeunganishwa vipi.

Mnamo 1980, IBM ilibisha hodi ikitafuta mfumo wa tarakilishi yake mpya. Mazungumzo hayakuzaa matunda. Uvumi ulioenea kwamba Kildall aliwapuuza wageni hao akaenda kujiburudisha kwa ndege yake ulimkera mno, kwani alikuwa amesafiri kikazi.

IBM iligeukia Microsoft, iliyonunua mfumo mwingine uliofuata muundo wa CP/M. Mashine hiyo ilizinduliwa Agosti 1981. Baadaye IBM iliuza pia mfumo wa Kildall, lakini kwa dola 240, ilhali ule wa Microsoft uliuzwa dola 40. Mnunuzi hakuhitaji ushauri.

Ajabu ni kwamba ndani ya mashine hiyo hiyo, IBM ilikuwa imetia katika chipu programu iliyoitwa BIOS. Kildall alikosa soko, lakini wazo lake liliingia.

Aliiuza kampuni yake kwa Novell mwaka wa 1991, na akafariki Julai 11, 1994, akiwa na umri wa miaka 52. Mnamo 2014, shirika la wahandisi la IEEE liliweka bamba la kumbukumbu Pacific Grove, ilikokuwa kampuni yake.

Katika tarakilishi mpya, UEFI imechukua nafasi ya BIOS. Kanuni ya marehemu ingali ile ile: mambo ya mashine yabaki chini, matakwa ya mtumiaji yapangwe juu. Mtayarishaji programu anayeyachanganya hujitwika mzigo ambao Kildall aliutua zamani.