Hukwe Zawose na Ilimba Iliyokuwa ya Mtu Mmoja

Ukitaja ilimba mbele ya mzee yeyote wa Dodoma, jina litakalofuata ni la Hukwe Ubi Zawose. Alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, hapa hapa Ugogoni, akafariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Wengi humkumbuka kama Mgogo aliyefika Ulaya na Marekani. Mimi napenda tuangalie namna usanii wake ulivyobadilika katika maisha yake yote, na kitu kimoja ambacho hakukubali kukibadilisha.

Tuanze na ala yenyewe, maana bila hiyo hatutaelewana. Ilimba ni kisanduku cha mbao kilichofungwa vyuma vyembamba vya urefu tofauti, navyo hupigwa kwa vidole. Kisanduku hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui, ndiyo sababu sauti yake huvuma kama nyuki. Tena baadhi ya vyuma havipigwi kabisa. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe pale jirani zao wanapoguswa. Mwalimu wetu wa fizikia angeweza kumaliza kipindi kizima hapo!

Halafu kuna suala la noti. Noti za Kigogo hazikupangwa kama za kinanda. Zinafuata zile ambazo uzi mmoja hutoa wenyewe ukiguswa kidogo tu, bila kukandamizwa, sehemu mbalimbali. Mojawapo iko chini ya noti ya kinanda inayoikaribia kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ni tofauti ndogo, lakini sikio huisikia. Kwaya ikianza wimbo wa Kigogo kisha kinanda kikaingia, mvutano huanza papo hapo, na mara nyingi wanaokubali kushindwa ni waimbaji. Wanapandisha noti ile, na utamu wa wimbo unaondoka.

Hukwe alikua katika muziki huo. Kwa Wagogo ilimba na zeze ni ala ambazo mtu mmoja anaweza kukaa nazo akajipigia na kujiimbia, tofauti na nindo, ambayo haiwezekani bila kundi, au muheme, ngoma ya akina mama. Ujuzi wake wa kwanza ulikuwa huo wa mtu mmoja na ala yake.

Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, wakati taifa jipya lilipokuwa likikusanya wasanii wa makabila mbalimbali. Huko msikilizaji si jirani tena, na wengi hawajui neno hata moja la Kigogo. Jukwaa lilidai mambo mengine: njuga miguuni, mwili unaocheza huku vidole vikipiga, sauti inayoruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa kwa pumzi moja, na nyimbo za Kiswahili kuhusu nchi. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Hukwe alifanya kazi huko pia, na Bagamoyo ikawa makao yake. Sifa za taifa zimo hata katika jina la albamu ya mwaka 1985, Tanzania Yetu, aliyorekodi pamoja na Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama. Hapo tayari ilimba imepata wenzake.

Kisha ukoo ukaingia. Albamu ya Chibite ya mwaka 1996, iliyotolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, ina ilimba na mazeze yanayopokezana, na sauti nyingi za watu wa nyumba moja zinazojibu ya mzee. Kwa maoni yangu hapa ndipo alipofika kileleni. Alichofanya ni kuipanua ilimba: kazi ya vile vyuma visivyopigwa sasa inafanywa na watu. Wala hakulazimika kugusa noti zake, kwa sababu kila aliyekuwa karibu naye alizaliwa nazo.

Mwaka 2002 ilitoka Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Baadhi ya wapenzi wa ngoma za asili hawaipendi, na nawaelewa. Gitaa la umeme linajaza ukimya ambao ilimba ilikuwa ikiuachia nafasi. Lakini sikiliza sauti ya Hukwe humo, ndugu msomaji. Ile noti iliyo chini ya kinanda bado iko pale pale. Mtu wa umri wa miaka zaidi ya 60, katikati ya mitambo ya kigeni, hakuipandisha. Mwaka huo huo alishiriki ziara ya Gabriel huko Marekani.

Mpwa wake Charles, aliyekuwa mwenzake wa karibu katika miaka hiyo ya mwisho, naye alifariki mwaka 2004. Kwa vifo hivyo viwili, ilionekana kwamba muziki ule ungebaki katika kanda na santuri tu. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, ambao zamani wangekaa nyuma wakiitikia, walitoa albamu yao wenyewe, Maisha, wakiimba mbele.