Che Guevara: daktari mwenye pumu, mvutaji wa sigara za Cuba, aliyepigana Fizi

Ernesto Guevara, maarufu kama Che, alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka wa 1928. Pumu ilimshika akiwa na miaka miwili. Alisomea udaktari, lakini vitani katika milima ya Sierra Maestra alizoea sigara nene za Cuba, ambazo moshi wake ulifukuza mbu. Moshi huo huonjwa mdomoni, haumezwi. Hata hivyo kifua kiliendelea kumsumbua, na hakuacha.

Aprili 1965 alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, eneo la Fizi, akiitwa Tatu, kusaidia waasi. Shambulio la Bendera lilishindwa. Novemba aliondoka, amedhoofishwa na pumu na kuhara. Aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967, akiwa na miaka 39.